Barua za Wasomaji: Kumeza Dawa za TB Mbele ya Mtu, Kuna Faida?

*Muuguzi mstaafu anajibu maswali yenu kutoka Mwanza*

SWALI: Shikamoo Mama. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa, sasa hivi yupo kambini hapa Ukerewe. Mwezi uliopita alipimwa makohozi akakutwa na kifua kikuu. Zahanati wamempa dawa wakasema mimi niwe msimamizi wake, nimwone akimeza kila siku. Yeye anasema hawezi kusimamiwa kama mtoto mdogo. Mdogo wake aliyesoma amemwambia utafiti umeshafanyika, anayemeza dawa peke yake anapona sawasawa na anayetazamwa. Na siku za giza zikianza, ndizo za kuvua dagaa, anahama na tajiri wake mwenye mtumbwi kwenda visiwa vingine, mpaka mbalamwezi irudi ndipo tunamwona. Je, huu usimamizi unasaidia kweli au tunasumbuliwa tu? *Mke wa mvuvi, Ukerewe*

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguliwa. Swali lako limegusa kazi niliyoifanya tangu nikiwa msichana, kwanza kwenye wodi, halafu kwenye vyumba vya kifua kikuu hapa mjini na kwenye zahanati za huko huko ziwani. Kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Nianze na shemeji yako. Hajasema uongo, tafiti hizo zipo. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya Pakistani, ambako wagonjwa karibu 500 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. La kwanza lilimeza dawa mbele ya mhudumu wa afya, la pili mbele ya ndugu wa nyumbani, la tatu likapewa dawa likameze lenyewe. Waliopona ni asilimia 64 katika kundi la kwanza, 55 katika la pili, 62 katika la tatu. Ukizipitia namba hizo haraka haraka utasema kama shemeji. Hata mwaka 1998, utafiti wa Afrika Kusini ulionyesha kwamba waliojisimamia wenyewe hawakubaki nyuma ya waliotazamwa na muuguzi. Thailand, mwaka 1999, ilitoa jibu tofauti: waliosimamiwa walipona zaidi.

Sasa mwombe shemeji azirudie zile namba za Pakistani taratibu. Shirika la Afya Duniani liliweka lengo kwamba katika kila wagonjwa 100 wenye vimelea kwenye makohozi, 85 wapone. Katika yale makundi matatu hakuna hata moja lililokaribia hapo. Waliotazamwa hawakufika, na walioachwa na dawa zao hawakufika. Mtu akisoma utafiti ule akatoka na neno kwamba mgonjwa aachwe tu atapona, amesoma nusu. Ninachokiona mimi ni kwamba kumkalisha mtu mbele ya mgonjwa amtazame anavyomeza, basi, bila jambo jingine lolote, hakuongezi kitu. Hapo nakubaliana na shemeji kabisa. Tena nimewaona wasimamizi wa namna hiyo, wanahesabu vidonge na kukaripia, na mgonjwa anawakimbia.

Lakini Thailand mgonjwa alijichagulia msimamizi. Na hapa kwetu Tanzania zilifanyika tafiti mbili ambazo mimi nazithamini kuliko hizo za mbali, kwa sababu watu wake ni watu wetu. Moja ilifanyika Kilombero ikachapishwa 2003, nyingine Temeke, Dar es Salaam, ikachapishwa 2004. Zote mbili ziliwalinganisha wagonjwa waliosimamiwa kwenye kituo cha afya na wale waliosimamiwa huko wanakoishi, na mtu wa karibu. Walioko nyumbani hawakupungukiwa chochote. Ndiyo maana kuanzia mwaka 2006 mpango wetu wa taifa ukaanza kumpa mgonjwa uhuru wa kuchagua: uje umeze kituoni, au umezee nyumbani mbele ya mtu unayemtaka wewe. Sikiliza vizuri hapo: unayemtaka wewe. Kama zahanati walikuandika wewe bila kumuuliza mumeo, warudini mkayazungumze upya, na yeye mwenyewe aseme.

Msimamizi mzuri anahitajika kuliko siku zote siku ile dawa haikumezwa. Siku dawa zimemezwa, ukae naye usikae naye, zinafanya kazi yake tumboni. Ni siku ile amegoma, au ametapika, au ameamka saa saba akajisemea "leo basi", ndipo inapoonekana kama kuna mtu amejua siku hiyo hiyo na akachukua hatua.

Watu wanadhani anayeacha dawa ni mkaidi. Katika miaka yangu wakaidi nimewaona wachache sana. Wengi wanaacha kwa sababu wamepata nafuu! Ikifika wiki ya tatu au ya nne kikohozi kimepungua, jasho la usiku limekauka, ugali unapanda, mwili unarudi. Mtu aliyekuwa analetwa kliniki kwa kushikiliwa sasa anatembea mwenyewe. Anakumbuka kuna kazi, kuna deni, kuna tajiri anayetishia kumweka mtu mwingine kwenye mtumbwi. Wengine wanaachishwa na nauli. Dawa za kifua kikuu ni bure, lakini kivuko si bure, bodaboda si bure, na siku ya kliniki hakuna aliyekulipia kibarua. Wengine wanaacha kwa aibu. Na wengine dawa zenyewe zinawatesa na hakuna aliyewaambia mapema kwamba hayo yanatokea na yana tiba yake.

Namkumbuka mpagazi mmoja wa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, wale wanaobeba magunia ya dagaa mgongoni. Alianza dawa vizuri, halafu magoti na vifundo vikaanza kumuuma mpaka akashindwa kuchuchumaa. Akaamua dawa zinamlemaza. Mkewe hakugombana naye. Kesho yake asubuhi alikuwa kwenye benchi la kliniki na vidonge vya jana vilivyobaki mkononi, akasema, "Sista, kakataa, anaumwa miguu." Ilikuwa ni pirazinamidi, moja ya zile dawa nne za mwanzo, huwa inaleta maumivu ya viungo. Tukampa dawa ya kutuliza, tukamweleza kwamba hiyo pirazinamidi inakwisha baada ya miezi miwili ya kwanza. Akaendelea mpaka akamaliza. Yule mama hakuwa na cheti cha chochote, ila alijua siku ya pili. Bila yeye sisi tungekuja kujua siku ya kuchukua dawa nyingine, wakati mume wake ameshakaa bila dawa wiki nzima au zaidi.

Labda mumeo atauliza, kwa nini miezi sita yote wakati nimeshapona? Mwambie awatazame magugu maji yanapokatwa pale ufukweni. Juu maji yanang'aa, unaweza kuteka, lakini mbegu zimelala kwenye tope na msimu ukija yanarudi tena. Vimelea vya kifua kikuu vinavyozaliana kwa kasi vinakufa mapema, wengi wao wiki za mwanzo, ndiyo maana anajisikia vizuri na ndiyo maana anaacha kuambukiza. Wanaobaki ni wale waliolala, hawazaliani, hawamsumbui, na dawa haziwafikii kwa urahisi mpaka waamke kidogo kidogo. Rifampisini ndiyo inayowamaliza hao, kwa muda. Kwa hiyo ni miezi miwili ya dawa nne kwa pamoja, kisha miezi minne ya mbili, rifampisini na isoniazidi. Akiacha katikati, waliolala wanaamka, na kama alikuwa anameza leo anaruka kesho kutwa, wanaoamka wanaweza kuwa wale waliokwisha kuizoea dawa. Hapo tunaingia kwenye kifua kikuu sugu, na hiyo ni safari nyingine kabisa.

Wewe ni kijana, hukuona tulikotoka. Nilipoanza kazi matibabu yalikuwa miezi minane, na miwili ya kwanza mgonjwa alilazwa wodini, anachomwa sindano ya streptomaisini kila siku na kumeza dawa mbele ya muuguzi. Ndiyo usimamizi wenyewe huo, kumlaza mtu! Mpango wetu wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulianza mwaka 1977, na aliyeshirikiana na madaktari wetu kuujenga ni Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Chekoslovakia ambaye mwenyewe aliupata ugonjwa huu akiwa mfungwa kwenye kambi ya Wanazi ya Mauthausen. Ule utaratibu uliojengwa hapa Tanzania ndio dunia iliuchukua miaka ya 1990, baada ya Shirika la Afya Duniani kutangaza mwaka 1993 kwamba kifua kikuu ni janga la dharura. Nchi nyingi zimejifunza kutoka kwenye zahanati zetu hizi hizi, na mimi hilo nalionea fahari.

Na ule utaratibu ulikuwa na nguzo tano, kumtazama mgonjwa ilikuwa sehemu ya nguzo moja tu. Serikali iukubali mzigo. Makohozi yapimwe kwa darubini. Dawa zilingane nchi nzima na mgonjwa asimamiwe. Dawa zisikatike stoo. Na daftari. Watu hawalipi daftari heshima yake. Kila robo mwaka ilibidi useme wale ulioanza nao wako wapi: nani amepona, nani amekufa, nani amehamia wilaya nyingine, nani hatumjui alipo. Ukiona nafasi tupu kwenye mstari wa mtu unatoka unamtafuta. Watafiti wanapopima "kutazamwa" peke yake wanatenga kipande kimoja na kuacha vinne. Nchi iliyokosa dawa stoo haitaokolewa na mke anayetazama mdomo wa mumewe.

Sasa tuje kwenye mtumbwi wa mumeo, maana hapo ndipo penye kazi.

Wewe huwezi kuwa msimamizi wake siku za giza, hupo. Kwa hiyo anahitaji watu wawili. Mbalamwezi akiwa nyumbani, wewe, kama akikubali. Giza likiwa kambini, mtu mmoja wa mtumbwi huo huo anayemwamini, si lazima awe tajiri, na nisingependa awe mtu anayemdai. Amchague yeye mwenyewe na amweleze ukweli. Najua anaogopa kutengwa. Lakini wenzake wanalala kibanda kimoja na walikuwa wanakisikia kikohozi chake tangu hajapimwa, wana haki ya kujua na wao wapimwe. Nenda naye huyo mwenzake zahanati siku moja kabla hawajaondoka ili aelezwe dalili za hatari.

Saa ya kumeza: mvuvi wa usiku asiambiwe ameze "usiku kabla ya kulala". Ameze asubuhi wakitoka ziwani, kabla ya chai, kwa sababu dawa hizi zinafanya kazi vizuri tumbo likiwa tupu, na saa hiyo wote wako nchi kavu wanaanika dagaa. Zikimchefua sana, anaweza kumeza na chakula kidogo. Ni afadhali hivyo kuliko kuacha. Dawa zikae kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, zisiachwe kwenye mtumbwi wala juani. Akisahau asubuhi na akakumbuka jioni, ameze jioni hiyo. Akikumbuka kesho yake, asirudufu, ameze za siku hiyo tu na aiandike ile iliyopotea.

Kabla hajavuka kwenda wilaya nyingine, iwe Sengerema, iwe Muleba, aseme zahanati mapema. Watampa dawa za muda atakaokuwa huko au barua ya uhamisho, na kule anakokwenda dawa ni hizo hizo na ni bure vilevile. Kadi yake ya matibabu atembee nayo. Makohozi yanarudiwa kupimwa mwisho wa mwezi wa pili, wa tano, na anapomaliza. Msikubali tarehe hizo zipite kwa sababu yuko kisiwani, hizo ndizo zinazotuambia kama dawa zinashinda.

Pombe aache mpaka amalize, gongo hasa, kwa sababu ini lake limeshabeba dawa za kutosha. Akiona macho yamekuwa ya njano, au anatapika kila anachokula, au anaona ukungu na rangi zinafifia, asimeze tena, afike kituoni siku hiyo hiyo. Ganzi na kuungua kwenye nyayo ni isoniazidi, inatibika kwa vitamini B6, asiache dawa kwa hilo. Na kama bado hajapima VVU, apime. Wanapewa kipimo hicho wagonjwa wote wa kifua kikuu, na akikutwa navyo kuna dawa, ila mpangilio wake unabadilika kidogo kwa ajili ya rifampisini.

Kuhusu kusimamiwa kama mtoto. Mwambie nimewasimamia walimu, nimewasimamia askari, nimemsimamia muuguzi mwenzangu aliyekuwa anazijua dawa hizi kuliko mimi. Wote walikuwa na mtu. Usimwambie "fungua mdomo nione". Mwekee maji, kaa naye, pigeni soga, weka alama kwenye kalenda. Akikwambia leo hawezi, swali lako la kwanza liwe "unasikia nini?" na usianze na "kwa nini?".

SWALI: Shikamoo Mama. Baba mkwe ana TB, tunaishi naye huku Magu. Mume wangu yuko Dar es Salaam kikazi, mama mkwe alishafariki. Wamesema mimi ndiye niwe nampa dawa na kumwangalia. Mama, mimi naona haya, siwezi kusimama mbele ya mkwe wangu nikamkagua. Nifanyeje? *Mkamwana, Magu*

JIBU: Marahaba. Heshima ya ukwe usiivunje, wala haina haja ya kuvunjwa. Mwenye kuchagua ni mzee. Muulize kupitia kwa shemeji au jirani wa rika lake: anamtaka nani? Mara nyingi wazee wanamchagua mjukuu. Mtoto wa darasa la tano au la sita anayejua kusoma kalenda anaweza kumpelekea babu maji na kukaa naye anapomeza kabla ya kwenda shule, na ninyi watu wazima mkabaki nyuma yake. Ila kitu kikiharibika mtoto asibebeshwe lawama, kazi yake ni kuja kukwambia. Na awe ameshapimwa mwenyewe, kama watu wote wa nyumba hiyo.

Njia nyingine ni simu. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba mgonjwa anaweza kusimamiwa kwa simu ya video pale mtandao unaporuhusu. Mumeo apige kila asubuhi kabla ya kazi, aongee na baba yake mpaka vidonge vishuke. Mtoto kumjulia hali mzazi hakuna anayeona haya. Wewe kazi yako iwe uji, dirisha lake liwe wazi mchana, na tarehe za kliniki usizisahau. Waambie kliniki mpango wenu ili waliandike jina la msimamizi halisi kwenye kadi, siyo lako.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Igoma. Nina wiki moja kwenye dawa za TB. Mkojo umekuwa mwekundu kama damu, je, figo zimeharibika? Pia wifi amenitengea sahani na kikombe, na ananiambia nisimshike mtoto. *Mwenye hofu, Igoma*

JIBU: Figo zako salama. Ni rangi ya rifampisini, inatoka kwenye mkojo, machozi na jasho, na itakwisha ukimaliza dawa. Sisi wauguzi tulikuwa tunafurahi kuiona kwa sababu inatuambia dawa imeingia.

Sahani haiambukizi. Kifua kikuu kinasafiri kwa hewa, mgonjwa anapokohoa, kwenye chumba kilichofungwa. Wiki hizi mbili za mwanzo funika mdomo ukikohoa, lala chumba chenye dirisha wazi ukiweza, na baada ya hapo, kama dawa zinafanya kazi vizuri na hujaruka, huwa hatari kwa wengine imekwisha au imebaki ndogo sana. Aliyekuwa hatari kwa wifi ni wewe wa mwezi uliopita, kabla hujapimwa, na huyo hakutengewa sahani. Mwambie wifi akapimwe, na watoto wapelekwe.

Jambo moja ambalo hukuliuliza: kama unatumia vidonge au vijiti vya uzazi wa mpango, rifampisini inavipunguza nguvu. Mwambie muuguzi akubadilishie njia wiki hii, usingoje.

SWALI: Mama, niliacha dawa mwezi wa tatu wa matibabu baada ya kupata kazi ya ujenzi. Ni miezi minne sasa. Kikohozi kimerudi. Naogopa kwenda kliniki, mara ya kwanza niliporuka siku kadhaa nikarudi, nilisemwa mbele ya watu wote nikaondoka. Rafiki anasema ninunue tu dawa za kifua duka la dawa. Mke wangu ana mimba na tuna mtoto wa miaka mitatu. *Fundi, Mwanza*

JIBU: Mwanangu, asante kwa kuandika. Wabeja sana, nasema kwa dhati, kwa sababu wengi wa hali yako hawaandiki kwa mtu.

Kwanza, yule aliyekusema mbele ya watu alikosea. Mtu aliyerudi kliniki baada ya kuruka siku kadhaa amefanya jambo gumu zaidi kuliko yule ambaye hajawahi kuruka, na anatakiwa kupewa kiti na kuulizwa kazi anaanza saa ngapi. Kama siku ile kungekuwa na mtu wa kukuuliza hivyo, tungekupangia umeze alfajiri kabla ya saiti, mbele ya mkeo, na ufike kliniki mara moja kwa wiki mbili. Hilo ndilo namwambia kila kijana anayeajiriwa kwenye kliniki hizi: kumkaripia mgonjwa kunamfukuza, na mgonjwa aliyefukuzwa anakwenda kukohoa kwenye daladala.

Dukani usinunue kitu. Sirapu ya kikohozi itakutuliza usiku mbili tatu na kukuchelewesha. Antibayotiki nyingine zinaweza hata kuficha ugonjwa kwa muda, kipimo kikachelewa.

Ukifika, sema wazi kwamba uliwahi kuanza dawa na ukaacha, na umeacha kwa muda gani. Usifiche ukajifanya mgonjwa mpya. Mtu aliyekatisha miezi miwili mfululizo au zaidi lazima apimwe upya kabla ya kupewa chochote, na makohozi yake yanawekwa kwenye mashine ya GeneXpert, ambayo ndani ya saa kama mbili inaonyesha kama kimelea kipo na kama rifampisini bado inakiweza. Ikionyesha inakiweza, unaanza tena miezi sita kutoka mwanzo. Ikionyesha hakiwezekani, utaelekezwa kwenye matibabu ya kifua kikuu sugu. Zamani hayo yalikuwa karibu miaka miwili, na sindano ambazo ziliwapotezea baadhi ya watu usikivu. Wagonjwa walitoka huku Kanda ya Ziwa wakapelekwa Kibong'oto, Kilimanjaro, mbali na watoto wao. Siku hizi kuna dawa za kumeza tupu, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipitisha mpangilio wa miezi sita kwa wagonjwa wengi wa aina hiyo. Usiogope kipimo.

Nenda wiki hii. Kama huitaki kliniki ile ya kwanza, nenda nyingine yoyote ya serikali, hulazimiki kurudi pale. Kadi yako ya zamani ibebe, hata kama imechakaa. Ukikuta mtu anakusema tena, omba kuonana na mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, au mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya. Kila wilaya inaye, na kazi yake ni watu kama wewe.

Na usiende peke yako. Mkeo mwenye mimba na mtoto wa miaka mitatu wanatakiwa kuchunguzwa siku hiyo hiyo. Mtoto chini ya miaka mitano anayeishi na mgonjwa, akikutwa hana ugonjwa, anapewa dawa ya kumkinga, na hiyo nayo ni bure. Nenda nao wote wawili.